Shimo la Mama Mkwe

Sehemu ya kumi na moja

Chupa zilikuwa saba, na zote saba zilikuwa safi.

Safi hasa. Zimesuguliwa kwa majivu, zimesuuzwa, zimepangwa kichwa chini kwenye rafu. Hata kile kitabu kinene cha picha za uyoga kilichokaa pembeni yake kilikuwa kimepanguswa vumbi. Ndani ya chupa hamkuwa na punje hata moja. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, Esteri kashika mdomo kwa mikono miwili.

Wale mlioniandikia kwamba chupa zingekutwa zimevunjwa, poleni na stempu zenu. Chupa ikivunjwa mtu analia, anafagia, maisha yanaendelea. Chupa ikioshwa mtu anabaki anajiuliza ni adui gani huyu mwenye adabu hivi.

Na wewe uliyepata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda limefungiwa maandazi, nakupa habari kwa kifupi.

Esteri binti Niyubahwe wa Kasulu ana kampuni. Usicheke. Inaitwa Esteri na Wenzake, ingawa wenzake bado hawajapatikana. Inazalisha mbegu ya uyoga. Mbegu hiyo ni mtama uliochemshwa ndani ya chupa, ukapandikizwa uyoga, ukaachwa gizani mpaka nyuzi nyeupe ziutambae wote. Mtu asiyejua akiiona atasema mtama umeoza. Shika hilo, tutalihitaji.

Kampuni imepewa chumba kwenye kiatamizi cha Chuo Kikuu, lile ghala la zamani la kahawa nyuma ya soko. Chuo Kikuu ndicho kilichochagua jina hilo: eti ni mahali pa kulea kampuni changa za sayansi ya viumbe hai mpaka zisimame zenyewe. Siku ya ufunguzi walikuja akina mama kumi na wawili na mayai. Wakaambiwa hapa hatuangui vifaranga, tunaangua makampuni. Wakaondoka wamenuna, na mpaka leo mji mzima unapaita Kwa Vifaranga.

Sheria ya Kwa Vifaranga ni moja tu, imebandikwa mlangoni: asiye na kitu kilicho hai hana chumba. Na siku hiyo saa nane mchana, Profesa Kezia wa Chuo Kikuu alikuwa anakuja kukagua.

Esteri alikuwa ameingia mjini asubuhi hiyohiyo kutoka Kumsenga, kule Kibondo. Alikwenda kwa siku tatu kufundisha kikundi cha akina mama, akakaa siku kumi na tisa, maana mvua za mwaka huu zimekula madaraja. Aliwaacha akina mama ishirini na watatu wamekwisha kukatakata majani makavu ya migomba, wanasubiri mbegu aliyowaahidi. Bila chumba hana jiko, hana sufuria ya mvuke, hana mbegu, na uso wa kurudi Kumsenga hana.

Sasa ilikuwa saa nne. Saa nne mpaka saa nane ni saa nne. Mbegu ya uyoga inataka wiki tatu.

"Pasikali!" Esteri alipiga kelele.

Pasikali alitokea chumba cha pili. Huyu ana kampuni ya migomba ya chupa: anakata kipande cha mgomba kidogo kama ukucha, anakilea kwenye dawa mpaka kinatoa miche mia. Sayansi yake nzuri, sina neno. Ila huvaa koti jeupe la maabara hata anapokwenda kununua dagaa.

"Umeosha chupa zangu."

"Dada, mimi chupa zangu mwenyewe sijaziosha tangu Jumatatu."

"Unakitaka chumba changu."

"Nakitaka, ndiyo. Kina dirisha, na wewe umelipigilia mbao. Lakini nasubiri ufukuzwe kwa utaratibu. Mimi mtu wa utaratibu."

"Nani mwingine angenifanyia hivi?"

"Fikiri kidogo, Esteri. Ningetaka kukumaliza si ningefungua kifuniko nikapiga chafya moja tu? Vijidudu vingeingia, mbegu ingejifia. Kusugua chupa saba kwa majivu! Mimi? Hata sahani nyumbani sioshi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli tupu. Esteri alimwangalia mikono, laini kama ya mtoto mchanga, akajua si yeye.

"Mlinzi!"

Mlinzi Niyitegeka alikuja na daftari lake kwapani. Ni mtu anayelipenda daftari lile kuliko anavyompenda mkewe, na mkewe analijua hilo.

"Kila anayeingia hapa anaandikwa," alisema, akalamba kidole, akafunua. "Haya. Siku mbili baada ya wewe kuondoka. Jina: Mama yake Leonidasi. Shughuli: usafi."

Leonidasi ni mume wa Esteri.

"Na wewe ukamruhusu?"

"Mama mkwe wako? Mimi nimzuie mama mkwe wa mtu?" Niyitegeka alifunga daftari. "Shemeji, mimi nina watoto. Halafu alikuwa na ufunguo. Ule wako wenye uzi mwekundu."

Ufunguo wenye uzi mwekundu Esteri aliuacha kwa mtu mmoja tu duniani, tena kwa kiapo, mkono juu ya Biblia. Alikula kona pale getini akaelekea nyumbani Murubona, mbio, kanga imekunjwa mpaka magotini. Watu wa sokoni walisimama kumtazama.

Alimkuta mama mkwe ameketi kigodani anapepeta maharage, uso umenawiri. Epifania huyo, mwanamke wa Kumsenga, aliyekuja Kasulu kumsalimia mkamwana siku ileile mkamwana alipokwenda Kumsenga. Walipishana njiani, kila mmoja ndani ya gari lake, hakuna aliyemwona mwenzake.

Sasa hapa, msomaji wa Dar es Salaam, nielewe. Wewe mama mkwe akikuudhi unapandisha sauti, unabeba begi. Kwa watu hawa mkamwana hapandishi sauti. Hamkatizi mama mkwe, hamtaji jina, na neno "umekosea" halimtoki kinywani. Anapiga goti, anasalimia, anaulizwa habari zote na anazijibu zote. Esteri alipiga goti.

"Karibu, mwana wanje, mwanangu. Umekonda. Kumsenga hawakukupa chakula?"

"Walinipa, mama."

"Mvua?"

"Kubwa, mama."

"Nyumba yangu inavuja?"

"Kidogo, mama, upande wa jikoni."

"Nilimwambia Leonidasi. Mbuzi je?"

"Amezaa, mama."

"Mmoja?"

"Wawili, mama."

"Mungu mkubwa. Wote majike?"

Esteri aliuma meno. Saa tano kasoro, na yeye anaulizwa jinsia za mbuzi.

"Mmoja jike, mmoja dume. Mama, nimepitia kazini kwangu. Nimekuta kumesafishwa sana."

Hivyo ndivyo mkamwana anavyomshtaki mama mkwe huku kwetu. Zaidi ya hapo ni matusi.

"Ego! Ndiyo!" Epifania aliweka ungo chini, amejaa furaha, akamwita Esteri kwa jina la mjukuu wake. "Nilijua utafurahi. Mama Irakoze, mimi sikusemi kwa watu, lakini siku ile nilitaka kulia. Chupa saba za mtama! Umeulowesha kwa ajili ya kimea, umeusahau humo ndani mpaka umeota ukungu mweupe kama ndevu za padri. Wageni wa chuo kikuu wangesema nini? Kwamba mwanangu kaoa mwanamke asiyejua kuanika kimea?"

"Na mtama wenyewe, mama, uko wapi?"

"Unadhani nimeutupa? Mimi nilikimbia vita na mtoto mgongoni, siku tatu hatujala kitu. Nitupe mtama?" Aligonga kifua. "Niliuanika siku mbili, nikautwanga, nikautia kwenye rubisi."

"Rubisi ipi?"

"Ya watu waliokuja kuwalimia shamba lenu. Kumi na wanane. Bambe! Hujapata kuona kilimo kama kile! Walimaliza shamba lenu wakaingia la jirani, jirani akaanza kuwafukuza."

Esteri alikaa chini, chini kabisa, kwenye vumbi. Kazi yake ya miezi minne ilikuwa imenywewa ndani ya pombe ya ndizi na watu kumi na wanane, tena kwa mirija.

Wakati huohuo Leonidasi alitokea nyuma ya nyumba, jembe begani. Alimwona mkewe. Akageuka kimyakimya kurudi alikotoka.

"Leonidasi!"

"Umefika?" alisema, bado amempa mgongo.

"Ulijua. Siku kumi na saba ulijua."

"Nilitaka kukuandikia."

"Ukaandika?"

"Nilianza. 'Mpenzi Esteri, habari za siku nyingi.' Hapo nikakwama."

"Nilikuapisha usimpe mtu ufunguo!"

"Huyu si mtu," Leonidasi alinong'ona. "Huyu ni mama."

Esteri alifunika uso. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze hadithi hii, nilimwona analia. Si kilio cha hasira, ni cha kuchoka. Alikuwa anawaona akina mama wale ishirini na watatu na majani yao makavu, wanachungulia barabara.

Epifania aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mnalilia nini? Kama ni ile chupa ya saba, hiyo sikuitwanga."

Kilio kilikatika.

"Unasemaje, mama?"

"Ya saba ilikuwa imeshikana kama mkate. Nikaikongoa kwa kijiti, likatoka bonge zima. Kinu kilikuwa kimejaa, nikalitupa shimoni."

"Shimo gani?"

"Lile langu la kuivishia ndizi, pale mgombani. Kuna jingine?"

Shimo la kuivishia ndizi kila nyumba huku inalo. Unachimba, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika, unapuliza moshi wa moto pembeni. Siku nne ndizi zimeiva, unakamua rubisi. Siku ile Epifania alikuwa ametoka kuzitoa ndizi zake, majani bado ya moto. Alitupa bonge la Esteri humo, akafukia kwa majani mengine, akasahau.

Giza. Joto. Unyevu. Majani yaliyopikwa kwa moshi mpaka vijidudu vingi vikafa.

"Usitumie jembe!" Esteri alimpigia kelele mumewe wakiwa wanakimbia. "Mikono! Tumia mikono!"

Leonidasi alipiga magoti kwenye tope akaanza kutoa majani, moja, moja. La kwanza limeoza. La pili limeoza. La tatu lilikuwa na uzi mweupe. La nne halikuwa jani tena, lilikuwa blanketi.

Na chini ya blanketi, kando ya ukuta wa shimo, uyoga. Vishada kwa vishada, rangi ya majivu, umejipanga kama masikio ya watu wanaosikiliza umbea.

Esteri alicheka mpaka akakohoa. Alimkumbatia Leonidasi, akakumbuka kwamba amemkasirikia, akamsukuma. Kule Kwa Vifaranga kulikuwa na mashine kutoka Ulaya ya kutengeneza joto na giza la namna ile, na ilikuwa imekufa tangu Pasaka.

Epifania alichungulia.

"Kumbe ndiyo kazi yako? Uyoga? Mwaka wa pili huu naambiwa mkamwana wako analea kampuni, mimi nikadhani ni ugonjwa."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Si ungesema! Lete kikapu."

Kazi ikaanza. Esteri alimtuma Leonidasi Kwa Vifaranga kuchukua zile chupa saba. Mama mkwe alifungua fundo la kitenge chake akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu, akamrudishia mwenyewe mbele ya mwanawe, na Esteri akamwazima Leonidasi kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo. Aliporudi, Esteri aliunyakua, akauvaa shingoni. Akaanza kujaza chupa kwa mabonge ya nyuzi nyeupe, taratibu, mikono imenawa spiriti. Epifania alichuma uyoga, akajaza kikapu, akaenda jikoni kukata vikonyo na kukaanga kwa mawese.

Chupa ya sita ilipojaa, gari likaunguruma uani. Saa saba kasoro.

Profesa Kezia hakusubiri saa nane. Alikuwa amelala Kibondo, akatoka alfajiri, gari limekwama mara tatu na mara zote tatu alishuka kusukuma. Alikuwa na buti za mpira na tope mpaka kiunoni. Kwenye kiti cha mbele, amekaa mkao wa mkuu wa mkoa, alikuwa Pasikali na koti lake jeupe.

"Nimemwonyesha Profesa njia," alisema. "Chumba chako hakuna kitu, nikaona aje akuulize mwenyewe."

"Esteri na Wenzake ni nani?" Profesa aliuliza. Ni mwanamke asiyetumia neno la pili kama la kwanza linatosha.

"Ni mimi, Profesa."

"Na wenzake?"

Esteri alimtazama Leonidasi, tope mpaka viwikoni. Akamtazama Epifania mlangoni pa jiko, mwiko mkononi.

"Ni hawa."

Akaeleza yote. Hakuficha kitu: mtama, kinu, rubisi, watu kumi na wanane. Pasikali alicheka mpaka akajishika mbavu. Profesa hakucheka. Alishuka shimoni, akapiga magoti na buti zake, akaingiza mkono kwenye majani mpaka begani. Alikaa humo muda mrefu.

"Nani alilichimba?"

"Mimi," alisema Epifania. "Mwaka wa themanini na tatu, mwanangu alipohamia hapa."

"Kipimajoto chako ni nini?"

"Mkono."

"Profesa," Pasikali aliingilia, "kanuni zinasema chumba. Hili ni shimo."

"Nyamaza, Pasikali. Miaka sita natafuta kiatamizi kisichohitaji umeme." Alipanda, akajifuta. "Esteri. Nimeona. Uyoga wa porini nao huota popote, kwa hiyo nataka niwe na hakika. Nitauangalia, nitauonja. Kama ni wako, chumba unabaki nacho, na shimo hili tunalichora kwenye vitabu."

Vigelegele vya Epifania vilisikika mpaka sokoni.

Pasikali aliuma midomo, akaegemea dirisha la jiko, akanuna. Hakuna aliyemtazama tena, nami nakuomba wewe usimsahau.

Epifania alileta sahani, moshi unatoka, mawese yanang'aa. Huku kwetu mgeni hapewi kitu mwenye nyumba hajakionja mbele yake. Ukimpa bila kuonja umemwambia ale sumu. Kwa hiyo alisimama mbele ya Profesa, akachukua kipande kikubwa kwa vidole vitatu, akakiinua kila mtu akione.

Esteri alikuwa anamnawisha Profesa mikono, karibu na mlango wa jiko. Maji yalitiririka mpaka kwenye lundo la vikonyo ambavyo Epifania alikuwa amekata na kutupa. Macho yake yakafuata maji.

Vikonyo vingi vilikuwa vifupi, vinene. Wake.

Kimoja kilikuwa kirefu, cheupe pe, na shingoni kina pete.

Uyoga wa Esteri hauna pete. Uyoga wa Esteri haujawahi kuwa na pete, hautakuwa nayo. Kile kilikuwa kitu kingine, kimejiotea kando ya shimo kwa mvua hizi, kikachumwa pamoja na vingine. Na kilikuwa kimekaangwa.

Alikuwa na muda wa kumeza mate mara moja tu. Akinyamaza, labda kipande kile mkononi ni kizuri, labda vyote kwenye sahani ni vizuri, na chumba ni chake, na Kumsenga wanapata mbegu. Akisema, amekwisha. Sitawadanganya kwamba hakufikiria. Alifikiria, na nafsi ilimuuma kwa kufikiria.

Kipande kilikuwa kimegusa mdomo wa mama mkwe.

Esteri aliruka akaupiga ule mkono. Kipande kiliruka, sahani ikaruka, mawese yakamrukia Profesa kifuani. Sahani ilizunguka chini, ikazunguka, ikatulia.

Mkamwana amempiga mama mkwe, mchana kweupe, mbele ya wageni. Leonidasi alishika kichwa.

"Umenipiga," alisema Epifania. Hakupaza sauti.

"Umemeza, mama? Umemeza?"

"Sijameza. Umenipiga."

Esteri aliokota kile kikonyo chenye pete, akampa Profesa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Huu si wangu."

Profesa alikigeuza kikonyo mara mbili. Uso wake ukabadilika.

"Mama," alimwambia Epifania, "wewe hukuiona hii pete?"

"Niliiona. Mimi uyoga wa porini naujua wote, kila mmoja na jina lake. Huu sikuujua." Epifania alivuta pumzi. "Nikasema basi huu ndio wa chuo kikuu."

Profesa alielekeza kidole kwenye zile chupa.

"Esteri. Unaweza kuniapia kwamba nyuzi zilizomo humo ni za uyoga wako, na si za huu?"

Esteri alizitazama. Nyeupe na nyeupe.

"Siwezi. Zimetoka shimo moja."

"Kwa hiyo huna kitu kilicho hai unachokijua."

"Nina mama mkwe aliye hai," alisema Esteri.

Epifania alimtazama. Alishika ncha ya kitenge akajifuta pua. Profesa akanyoosha mkono.

"Nakuheshimu. Lakini sheria niliibandika mimi mwenyewe. Ufunguo."

Esteri aliuvua uzi mwekundu shingoni, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Profesa. Vidole vikajifunga. Kampuni ya Esteri na Wenzake, msomaji, ilikuwa imekufa saa saba na robo mchana.

"Samahani."

Sauti ilitoka dirishani pa jiko. Wote waligeuka.

Pasikali alikuwa amesimama wima, koti jeupe lina doa la mawese kifuani. Midomo ilikuwa inang'aa.

"Samahani, Profesa. Vile vipande vya kwanza... vile vilivyowekwa kwenye jani, kabla ya kupakua sahani..."

"Vimefanyaje?"

"Vilikuwa vimekaa tu pale. Nikadhani ni vya wote."

"Umekula vingapi?"

Pasikali alionyesha vidole vitatu. Akafikiria, akaongeza cha nne.

"Vilikuwa vitamu," alisema, na kijasho chembamba kikaanza kumtoka.

Esteri alikuwa wa kwanza kupata akili. "Profesa, uyoga wenye pete ulio na sumu uko wa namna mbili. Mmoja unakuendesha tumbo siku mbili, unapona. Mwingine huhisi kitu mpaka kesho, na kesho daktari hana la kukufanyia. Tukimpeleka hospitali lazima tuwaambie ni upi. Kile kitabu changu kinaonyesha tofauti, picha kwa picha. Kurasa zenye alama ya fuvu. Kiko rafuni, chumbani."

Alinyoosha mkono.

"Naomba ufunguo wangu."

"Mpe!" Pasikali alimshika Profesa mkono kwa mikono yake miwili laini. "Mpe ufunguo wake, Profesa! Chumba ni chake! Mimi sikitaki, kina dirisha baya! Mpe!"

Profesa alifungua kiganja. Esteri alikuwa amekwisha kuushika uzi mwekundu, mguu mmoja uko kwenye gari, Epifania alipomwita.

"Mama Irakoze. Kile kitabu nilichopangusa?"

"Ndiyo, mama."

"Chenye mafuvu?"

"Ndiyo, mama. Kwa nini?"

"Mafuvu ndani ya chumba cha mwanamke anayetafuta mtoto wa pili..." Sauti ya Epifania ilikuwa imeshuka sana. "Nilizichana zile kurasa. Nilikuwa nakulinda, mwana wanje."

Esteri alisahau kupiga goti.

"Ziko wapi?"

Epifania aligeuza uso jikoni. Alikuwa anatazama mafiga, na majivu ya moto aliouwasha leo kukaangia uyoga.